Wivu wa Faki kwa Faki

Walikuwa wanakula nilipotokea mlangoni, na hakuna aliyenitarajia. Mwanamke aliyekuwa akipakua wali alisimama na upawa mkononi, akanitazama kuanzia viatu mpaka begi, kisha akasema kama wasemavyo watu wa nchi ile kwa yeyote anayekuta chakula: "Karibu, umekuja na mguu mzuri."

Mezani palikuwa na sahani mbili na mtu mmoja, yule mwanamke. Kiti cha mbele ya meza kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimepigwa msasa na kupakwa vanishi mpaka kinang'aa, na mbele yake wali ulikuwa umeshawekwa pamoja na kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote. Nilitoka mbali, nilikuwa na njaa, nikadhani nimeandaliwa. Nikakaa.

Mwanamke akapiga ukelele. Mwanamume mmoja, ambaye sikuwa nimemwona, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, sahani yake magotini. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Mwache, Mashavu! Mwache hapohapo! Nimengoja sana mtu amkalie yule bwana." Akajifuta machozi, akanigeukia. "Kijana, unajua umemkalia nani? Umemkalia mume wa mke wangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nchi ya Alikuwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, shahada ya afya ya jamii, na nilikuwa na imani kubwa. Wakati wa mazoezi hospitalini nilikuwa nimewaona watu waliounguzwa ubongo na kirusi cha malengelenge. Ni kirusi kilekile ambacho kwa wengi wetu hutoa vipele mdomoni, kisha hurudi kulala ndani ya mishipa ya fahamu. Kwa wachache hakilali. Hupanda mpaka kichwani na kuwasha moto huko. Wengine nilioona hawakutoka wodini. Waliotoka walikwenda nyumbani na nusu ya maneno yao, au bila kumbukumbu ya harusi zao, au na kifafa, na sisi tukawaaga getini kwa furaha. Kisha nikasikia kuna nchi ambako kila anayetoka katika moto huo hupona. Si wengi wao. Wote. Nikafunga begi kwenda kujifunza siri hiyo ili niilete nyumbani.

Siri yao niliijua kabla sijamaliza siku ya kwanza. Kwenye lango la hospitali yao kuu pametundikwa kengele. Homa ikishuka na mgonjwa akaweza kufika langoni kwa miguu yake, hata kama ameshikwa kulia na kushoto, kengele hupigwa, karani husimama juu ya jiwe na kutangaza, "Amepona!" na ndugu hupika pilau. Kutoka hapo sheria mbili huanza kazi. Ya kwanza inasema aliyepigiwa kengele haumwi. Ya pili inasema aliyepona huwa kama alivyokuwa.

Nilimuuliza mganga mkuu, mtu msomi na mkarimu, "Na akiwa si kama alivyokuwa?"

"Basi si yeye," alinijibu.

"Si yeye kwa vipi?"

"Si yeye. Mwenyewe amepona, sheria imeshasema. Huyu asiyefanana naye ni mtu mwingine aliyekuja na mwili wake. Hutokea sana, mwanangu. Karibu kila nyumba ya pili."

Juu ya jibu hilo wamejenga serikali nzima. Mwenyewe, yaani yule aliyekuwepo kabla ya moto, huitwa wa Kwanza, na huhesabiwa yuko njiani anarudi. Kiti chake hutunzwa, sahani yake hupakuliwa, jina lake halitumiwi na mwingine. Yule aliyerudi kutoka hospitalini huitwa mgeni wa nyumba. Hapigwi wala hanyimwi chakula, maana watu wa Alikuwa si wakatili. Ila hakalii kiti, haitwi jina, na ni kosa kumwambia kwamba yeye ndiye aliyefanya hili au lile alilofanya wa Kwanza. Mwanamke anayempenda mgeni kupita kiasi huhesabiwa anamsaliti mumewe aliye safarini. Na kwa kuwa mtu aliye safarini hawezi kuona wivu yeye mwenyewe, serikali imeajiri watu wa kuuona kwa niaba yake. Wanaitwa Mawakili wa Wivu, na kila mtaa una wake.

Wa mtaa ule alikuwa Bwana Ngwali, mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia safi. Alifika jioni ileile, kwa sababu jirani alikuwa amempelekea habari za kiti.

"Hodi hapa. Nasikia bwana wa nyumba amekaliwa."

"Ni bahati mbaya, Bwana Ngwali," alisema Mashavu. "Mgeni hajui mila."

"Mgeni yupi? Maana hapa mnao wawili." Alicheka kidogo kwa mzaha wake, kisha akafunua chungu na kuchungulia. "Mnofu alipewa nani?"

"Uliwekwa kwa mwenyewe."

"Na huyu?"

"Mimi nilipewa mfupa," alijibu mtu wa kigodani. "Lakini ulikuwa na uboho ndani, Wakili. Nimeunyonya mpaka ukapiga mluzi."

"Uboho," Ngwali alisema kwa huzuni. "Marehemu, samahani, mwenyewe aliye njiani, alikuwa akiupenda sana uboho. Bibi Mashavu, kwa niaba yake nimeumia." Aliweka kiganja kifuani, na nilipomtazama usoni niliona kwamba kweli ameumia. Alikuwa mtu anayeifanya kazi yake kwa moyo wote.

Yule mtu wa kigodani jina lake lilikuwa Faki, na mimi nitamwita hivyo, kwa kuwa siko tena chini ya sheria zao. Alikuwa seremala. Kile kiti kinachong'aa alikitengeneza kwa mikono yake kabla ya moto. Nilipolala kwao, na wakanikubalia nikae, niliona kwamba mikono haikusahau kitu. Alishika randa na mbao ikanyooka. Alitaja patasi, msumeno, timazi, vyote kwa majina yake. Ila majina ya viumbe hai yalikuwa yamemtoka. Beberu wa jirani aliingia uani siku moja akaanza kula vumbi la mbao, naye akaniita kwa wasiwasi: "Wewe, njoo umtoe huyu... huyu mzee mwenye ndevu." Kila asubuhi alinikuta uani na kuniuliza mimi ni nani. Mashavu alimjibu, "Ni yule aliyekalia kiti," naye akacheka upya, kicheko kilekile cha siku ya kwanza. Nimepokelewa vibaya katika nyumba nyingi nilizozijua maisha yangu yote. Katika ile nilipokelewa vizuri kila siku.

Lakini mtu yule mcheshi alikuwa na kidonda, nacho kilikuwa wivu.

Kila Ijumaa, kama sheria inavyotaka, Mashavu alifua shati jeupe la Faki wa Kwanza, akalipiga pasi na kulifukiza udi. Faki alisimamisha kazi akawa anamtazama kupitia dirisha la karakana.

"Linanukia?" aliniuliza.

"Linanukia vizuri sana."

"Mimi sipati kitu. Tangu ule moto, udi na moshi wa taka kwangu ni hewa tu." Akaelekeza patasi dirishani. "Unaona anavyoipapasa ile kola? Mimi hanipapasi hivyo. Mimi ananishika kama mtu anayeshika chungu cha moto. Yule bwana, ndugu yangu, hakosei. Hasahau. Hajawahi kumfokea mtu kwa sababu watu wawili wamesema kwa pamoja na kichwa kikamchemka. Mtu asiyekuwepo ana adabu sana. Nitashindana naye vipi?"

"Lakini yule ni wewe," nilisema.

"Usiseme kwa sauti, Ngwali ana masikio. Halafu unakosea. Angekuwa ni mimi, nisingemchukia hivi."

Nilikuwa najua wivu wa wake wenza, na wivu wa ndugu kwenye urithi. Wivu wa mtu kwa nafsi yake mwenyewe sikuwa nimeufikiria, na nilipouona nilitambua kwamba hauna dawa ya kawaida, kwa sababu mshindani hawezi kufumaniwa wala kuzeeka. Majirani waliuchochea bila kukusudia. Walipita dirishani na kusema, "Faki wa Kwanza angekwisha maliza meza hiyo," au, "Faki wa Kwanza alikuwa akisalimu kwa mikono miwili." Faki alijibu, "Mkimwona njiani mwambieni harakishe, nimechoka kumtunzia mke." Wakicheka, hakucheka.

Nilidhani wivu wote uko upande wake. Haikuwa hivyo. Moto ule ulikuwa umeunguza miaka ya karibu na kuiacha ya mbali. Ndoa yake Faki hakuikumbuka hata kidogo. Lakini alikumbuka ujana wake wote, na ndani ya ujana huo alikuwamo msichana mmoja, Mize, aliyecheza naye ngoma kwenye harusi ya shangazi yake.

"Jana kaniuliza kama Mize bado anakaa karibu na kisima," Mashavu aliniambia. Alikuwa akipeta mchele, na ungo ulikuwa unapata shida. "Akaniuliza mimi! Mimi niliyemwosha. Niliyemlisha kwa kijiko. Akidondoka, kichwa chake kinaangukia kiganja hiki. Mize hajui hata kwamba aliugua. Yuko huko na wajukuu, na meno ya kuazima. Na ndiye anayekumbukwa."

"Naye anaona wivu kwa sababu ya shati, dada."

"Afadhali yeye. Shati mtu anaweza kulichana."

Kwa ujinga wa mtu ambaye hajaoa, nilimuuliza anampenda yupi kati ya hao wawili, wa Kwanza au huyu.

Alipeta mchele kwa muda. "Yule namlilia," alisema. "Huyu ananiudhi. Sasa wewe msomi, piga hesabu mwenyewe."

Nakiri kwamba jioni ile nilimwonea wivu Faki wa pili. Sikuwa nimewahi kuudhi mtu kiasi kile.

Kisha ikawa siku ya soko. Faki alikuwa amesimama akichagua misumari, mara akakakamaa, akaanguka, mwili ukamtetemeka na povu likamtoka mdomoni. Mashavu aliwahi kichwa kama alivyosema. Watu walikusanyika, na nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Amejikwaa." Mwingine akasema, "Ndiyo, sakafu hapa haiko sawa." Nilipiga kelele kwamba ni kifafa, kwamba ubongo uliounguzwa hufanya hivyo, kwamba kwetu kuna vidonge vya kumeza kila siku na vingi husaidia. Muuza misumari alinitazama kwa aibu, kama anayemtazama mtu aliyetukana mbele ya wakwe. Mtu aliyepigiwa kengele haumwi, sasa vidonge vya nini?

Bwana Ngwali alikuja na wito kesho yake. Kwa mujibu wa sheria, mgeni akijikwaa hadharani, nyumba yake lazima impeleke mbele ya Baraza la Kufananisha. Hupelekwa mara moja tu katika maisha. Baraza likiona anafanana na wa Kwanza, husimama lote na kumwita kwa jina, na hapo anarudishiwa jina, kiti na mke, na Wakili wa Wivu hakanyagi tena pale. Baraza likiona hafanani, anahamishiwa siku hiyohiyo kwenye Nyumba za Wageni, ng'ambo ya bonde, na mke hubaki kumtunzia mumewe sahani. Kumtembelea mgeni huko ni marufuku kwa mke, kwa ajili ya heshima ya aliye njiani.

"Sina chuki naye, Bibi Mashavu," alisema Ngwali mlangoni, akizungusha kofia yake. "Lakini nimeajiriwa na yule."

Nilikwenda kumwona Mwenyekiti wa Baraza, Bi Salhina, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Nilimwomba amwite mganga amtazame Faki kwanza.

"Baada ya kengele?" aliniuliza kwa mshangao.

"Kwetu, Bi Mkubwa, mtu kama huyu tungesema hajapona bado."

Msaidizi wake aliyekuwa akimimina kahawa aliimwaga. Neno "bado" halitamkwi kwao juu ya mtu aliyepigiwa kengele.

"Mwanangu," alisema Bi Salhina, "kwenu wanaotoka katika moto huo wanapona wangapi?"

"Wengine hupona karibu kabisa. Wengine hubaki na kifafa, au kusahau, au hasira ambazo si zao. Wengi hujifunza upya mambo mengi wakipata dawa, na mwalimu, na mtu wa kuwavumilia. Inachukua miaka."

"Kwa hiyo hamponyi wote."

"Hapana."

"Sisi tunaponya wote," alisema, bila majivuno. "Ungekuwa mama wa mgonjwa, ungetaka mwanao augulie wapi, kwenu au kwetu?"

Nilikaa na swali hilo njia nzima, na ilinichoma kwamba najua mama angejibu nini.

Basi tukaanza kumfundisha Faki kwa siri. Nilikuwa nimetoka chuoni, na kukariri ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote. Nilimtajia siku ya ndoa yake, majina ya mashemeji, kuku, ng'ombe, embe, papai. Alitaka sana. Alirudia nyuma yangu macho yameng'aa, akapata yote. Chai ilipopoa yalikuwa yamekwisha kumtoka. Tukaanza tena. Mashavu alitutazama mpaka akachoka.

"Mnateka maji kwa pakacha," alisema. "Sikilizeni. Faki wa Kwanza hakuwa msemaji. Ulikuwa ukimuuliza jambo anakutazama, basi. Watu walidhani anawadharau. Wewe ukiulizwa usilolijua, usibahatishe. Mtazame mtu machoni, unyamaze."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Kwa kunyamaza mnafanana kama mapacha."

Asubuhi ya Baraza, Mashavu alimvalisha. Hakumvalisha shati jeupe, maana si lake. Faki alisimama akatulia, kisha akamshika mkono.

"Mashavu. Wamenifundisha kunyamaza, na nitanyamaza. Lakini wewe usininyamazie."

Nilijua anachozungumzia. Kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja, Faki alimuuliza mkewe swali moja: walikutana wapi. Lilimjia ghafla, kama kiu. Siku ambazo Mashavu alikuwa amechoka alijifanya hakusikia, na hapo nilimwona Faki akipotea, macho yakimtoka, mikono ikitafuta kitu cha kushika.

"Leo tu, Faki," alisema Mashavu. "Leo nikikunyamazia itakuwa kwa faida yako."

"Leo ndiyo sitajua kwamba ni leo. Nitasahau kwamba kuna mpango. Nitakachojua ni kwamba nimekuuliza, na hukunijibu."

Mashavu alimfunga kifungo cha mwisho, akakifungua, akakifunga tena.

"Nitakujibu," alisema.

"Popote?"

"Popote. Tembea, tutachelewa."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wajumbe waliketi kwenye benchi refu, Bi Salhina katikati, Bwana Ngwali pembeni upande wa aliye njiani. Faki na Mashavu waliwekewa vigoda viwili. Bi Salhina alisoma kanuni kwa sauti yake ya kubembeleza: mke yupo ili aonekane, si ili asikike. Akimkumbusha mgeni jambo lolote la wa Kwanza, hata neno moja, shauri limekwisha, na mgeni atavuka bonde kabla ya jua kutua.

Mjumbe wa kwanza alimuuliza Faki alizaliwa mtaa gani. Hilo lilikuwa la zamani, akajibu vizuri, na jina la mkunga akaongeza. Wa pili alimuuliza ni nani aliyemposea. Faki alimtazama machoni, akanyamaza. Mjumbe akasubiri, kisha akajikuna shingo.

"Ndiye," alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika. "Hivi ndivyo alivyokuwa akinitazama mimi nikichelewa kulipia kabati."

Wa tatu aliinua picha ya mbuzi. "Huyu nani?"

Faki aliitazama picha. Akamtazama mjumbe. Hakusema kitu.

"Na mimi ningenyamaza," alisema mzee mmoja kwenye benchi. "Mtu mzima anaulizwa mbuzi! Faki wa Kwanza hakuwa na muda wa upuuzi."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Ngwali alisimama. "Waheshimiwa, mteja wangu alikuwa mkimya kwa sababu alikuwa na la kusema akalizuia. Ukimya wa huyu nyuma yake hakuna kitu."

"Umejuaje?" aliuliza yule mzee. "Umeingia ndani?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nilimtazama Mashavu. Alikuwa ameinamisha uso, na mabega yake, ambayo tangu nimjue yalikuwa juu kama ya mtu aliyebeba ndoo, yalianza kushuka. Waliuliza tena na tena, na kila Faki aliponyamaza, wajumbe waliona ndani ya ukimya ule kila walichokuwa wanamkumbukia. Mmoja aliona kiburi chake, mwingine busara yake. Mama mmoja alilia kidogo, akasema ameona hata upole wake.

"Inatosha," alisema Bi Salhina. "Baraza lisimame, limwite."

Wakasimama wote. Nami nikasimama. Nilisikia benchi zima likivuta pumzi ili kutamka jina.

Faki akamgeukia mkewe.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti safi iliyofika mpaka mlangoni. "Hivi sisi tulikutana wapi?"

Pumzi ile ikabaki vifuani mwao. Bi Salhina alikohoa. "Baraza halijasikia kitu," alisema haraka, akamtazama Mashavu kwa macho ya kumsihi. Wajumbe waligeuza nyuso, huyu dirishani, yule darini. Hata Bwana Ngwali alikuwa ameinama anatazama viatu vyake kwa bidii, kama mtu aliyeamua kupitiwa na usingizi. Ukumbi mzima ulikuwa unampa Mashavu nafasi, na alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya mpaka jina litamkwe. Nilimwomba Mungu amjalie Mashavu anyamaze. Nilimwomba kwa nguvu zangu zote.

Faki alingoja. Mkono wake ukaanza kupapasa goti, kisha ukingo wa kigoda, kisha hewa.

Mashavu akaushika.

"Kwenye karakana yako," alisema. "Nilikuja kukugombeza. Ulimuuzia mama kitanda, na kila akijigeuza kinalia kama paka. Nilikuwa nimepanga matusi njia nzima. Nikakukuta umelala chini ya meza, miguu nje, nikaisemesha miguu."

Faki alifikiri. Mkono wake ulikuwa umetulia.

"Paka ndiyo nini?"

Mbele yetu benchi la Baraza lililia, wajumbe wakikaa mmoja baada ya mwingine bila kutamka jina. Mashavu hakugeuka kuwatazama. Alivuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Ni mnyama mdogo," alisema. "Ana masharubu, anakula samaki wa watu na hasemi ahsante. Sasa tulia nikumalizie habari ya kitanda."